Bi Mbu na Mrija wa Saa Nzima

Jina alilopewa na mama yake limo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko lilikobaki. Hospitalini, kuanzia langoni hadi wodi ya watoto, anaitwa Bi Mbu. Watoto ndio waliomwita hivyo, na jina likishatoka kwa watoto halifutiki hata kwa barua ya mganga mkuu.

Kazi yake ni kutoa damu ya watoto wenye homa na kuiuliza ina habari gani. Ameifanya miaka ishirini na mitatu. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye vidole vyembamba visivyofanana na mwili wake, kana kwamba aliviazima kwa mtu na mwenyewe hajaja kuvichukua. Akikaribia na sindano huvuma kwa pua, mmmm, kama mbu anayezunguka sikio, na mtoto hugeuza shingo kumtafuta mdudu alipo. Kabla hajamwona, damu imeshaingia kwenye chupa.

"Mbu gani anavaa miwani?" mtoto mmoja alimuuliza.

"Mbu mzee," alijibu. "Bila miwani ningemuuma mama yako."

Sindano alizijua kabla ya kujua kusoma. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na macho yalipoanza kumchoka, binti wa miaka sita ndiye aliyemtungia uzi. "Usilifukuze tundu," mama alikuwa akimwambia. "Tulia, litakuja lenyewe." Mtoto akabana pumzi, uzi ukapita. Miaka mingi baadaye, siku ya kwanza alipotafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga, mkono mwembamba kama kidole gumba, alijikuta amebana pumzi vilevile. Mshipa ukaja wenyewe.

Mumewe ni fundi redio, mtu wa maneno mengi. "Wenzangu wameoa walimu, wameoa wauguzi," huwaambia wateja. "Mimi nimeoa mdudu."

"Na mpaka leo hajanunua chandarua," mkewe humalizia, na wateja hucheka hadi wanasahau redio zao zimeharibika nini.

Maabara yake ni chumba kimoja kirefu chenye meza ya saruji, beseni la kunawia, jokofu linalonguruma na dirisha dogo la kupokelea fomu. Kwenye kona iliyo mbali na mlango kuna kibao cha mbao chenye mirija ya kioo, myembamba, iliyochorwa mistari ya milimita kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo moyo wake ulipo. Vipo vipimo vipya, vyenye mashine zinazotoa jibu kabla hujamaliza kukohoa. Kimojawapo hupima protini ambayo ini huimwaga ndani ya damu mwili unapowaka uvimbe. Lakini vifaa vyake huisha, na vikiisha hukaa wiki tatu kabla havijaletwa vingine. Mirija ya kioo haiishi. Unajaza damu kwenye mrija, unausimamisha wima, unaacha saa nzima, kisha unasoma chembe nyekundu zimezama umbali gani na kuacha maji ya manjano juu yake. Damu iliyotulia huzama polepole, kama mtu asiye na pa kwenda. Damu ya mwili unaowaka imejaa utomvu. Chembe hushikamana, huwa nzito, huporomoka. Mrija haukuambii mtoto anaumwa nini. Hukwambia tu kama kuna moto ndani ya nyumba.

Na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe. Homa ni mgeni anayebisha hodi kwa sauti moja, awe amekuja kusalimia au amekuja kuvunja. Nyingi huja na kuondoka zenyewe. Chache hukaa, hupekua, huingia vyumba vya ndani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Kwenye benchi walikuwepo watoto kama thelathini. Bibi mmoja mrefu, mwenye mkoba mkubwa kifuani, aliingia amembeba mjukuu wa miaka minne aliyekuwa mwekundu wa macho kwa mbali, midomo imepakwa mafuta mazito.

"Shikamoo, bibi," Bi Mbu alisema.

"Marahaba. Huyu ni mke mwenzangu," bibi alisema akimketisha mtoto. "Siku ya sita leo anachemka. Malaria hakuna, dawa za vidonge amekunywa, dawa za maji amekunywa. Mume wetu babu yake halali, na mimi sina nguvu za kumbembeleza peke yangu."

Mtoto hakucheka. Alikuwa amelegea, anatazama ukuta. Kwenye fomu daktari alikuwa ameandika ombi la kipimo cha mrija, na chini yake maneno machache: damu ikiwa shwari, aende nyumbani, ikiwa si shwari, alazwe. Daktari alikuwa na shaka, ila shaka yake ilihitaji kiti cha kukalia, na kiti hicho kilikuwa kile kioo chembamba cha Bi Mbu.

Bi Mbu alivuma. Mtoto akageuza shingo polepole, akatafuta, na kitu kikatokea usoni mwake, pembe ya mdomo ikapanda.

"Wee! Anacheka!" Bibi alipiga kofi. "Siku sita sijaona jino la huyu!"

Hapo Bi Mbu akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuvuma. Damu ilikuwa imeshaingia kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau. Ndani ya chupa ile mna dawa ya kuzuia damu isigande, na sheria ni kuipindua chupa taratibu mara nane, papo hapo, ili dawa na damu vijuane. Yeye aliishika ngumini na kuendelea kuvuma. Alivuma karibu na sikio la kushoto, akavuma karibu na la kulia, akajifanya ametua kwenye pua ya bibi na bibi akajipiga kofi la pua. Mtoto alicheka kwa sauti, kicheko kikavu kama cha kuku. Chupa ikapinduliwa baadaye, mara tatu au nne, mkono ukiwa tayari unanyoosha kupokea fomu nyingine.

Kuna sheria ya pili: kabla ya kujaza mrija, pitisha kijiti ndani ya damu uone kama hakuna donge. Hiyo nayo aliiacha. Kwa nini uikague kazi ya mikono ambayo haijawahi kukuaibisha?

Saa moja baadaye alisoma mrija: kumi na nne. Damu shwari. Akaandika, akatia sahihi, akafurahi kwa dhati, kwa sababu yule mtoto alikuwa amemwingia moyoni. Saa sita bibi alipita dirishani na kichupa cha dawa ya homa.

"Tumeachiwa, Bi Mbu! Kesho alfajiri nampeleka kwa shangazi yake, huko mbali, akapate hewa. Wiki mbili."

"Nendeni salama. Msalimieni shangazi."

Ilikuwa saa saba na robo, benchi tupu, alipoanza kumwaga mabaki na kusuuza. Chupa ya yule mtoto ilipoinama, damu ilitoka, kisha ikasita. Kitu kilikuwa kimeng'ang'ania shingo ya chupa. Alichukua kijiti na kukivuta: donge jeusi, laini, la ukubwa wa mbegu ya chungwa, na mkia kama uzi.

Alisimama nalo mkononi. Mtu asiye wa kazi hii angeona uchafu. Yeye aliona utomvu wote wa homa ile, ule unaozifanya chembe zishikamane na kuporomoka, umejikusanya hapo na kukaa. Damu iliyoingia kwenye mrija ilikuwa imepokonywa ushahidi wake. Kumi na nne haikuwa jibu la mtoto. Lilikuwa jibu la uzembe.

Na akakumbuka macho. Mekundu bila usaha. Akakumbuka midomo chini ya mafuta, iliyopasuka. Vidole vya mkono aliokuwa ameushika, vimevimba kama vya mtu aliyefua siku nzima. Katika miaka yote hiyo alikuwa amekutana mara mbili na ugonjwa unaokuja hivyo: homa ndefu, kisha uvimbe unaingia kimya kwenye mishipa inayoulisha moyo na kuilegeza kama mpira wa zamani. Dawa yake ipo, ila inataka kuwahiwa, ndani ya siku kumi za kwanza. Leo ilikuwa ya sita. Shangazi alikuwa mbali, wiki mbili.

Wala hakuna mtu aliyejua. Donge lingeweza kwenda na maji, na Bi Mbu akabaki kuwa Bi Mbu. Alilitazama beseni kwa muda mfupi sana, lakini alilitazama. Yeye mwenyewe ndiye anayesimulia hivyo, na hapunguzi.

Kisha akaliweka donge kwenye kisahani cha kioo na kulipeleka chumba cha daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana wa maneno machache, mwenye tabia ya kula karanga huku akiandika. Aliacha kutafuna.

"Nini hicho?"

"Jibu la yule mtoto wa homa ya siku sita. Nimekosea, daktari. Damu iliganda mkononi mwangu."

"Wewe?"

"Mimi."

Daktari alilitazama donge, akamtazama mwenye donge. Angeweza kusema mengi. "Nilimwambia bibi yake kwamba damu imesema hana kitu," alisema hatimaye, taratibu. "Nilimwambia hivyo na moyo wangu haukukubali, nikaunyamazisha. Mpigie. Sasa hivi."

Simu iliita mara tano.

"Nani?"

"Bibi, ni mimi, wa maabara. Bi Mbu. Naomba umrudishe mtoto, tumtoe damu tena."

"Tena! Ya asubuhi mmeimaliza?"

"Bibi, tafadhali..."

"Mbu gani wewe usiyeshiba? Nimeshafunga mizigo. Mke mwenzangu amelala hapa, jasho linamtoka. Mlisema hana kitu."

"Mimi ndiye niliyesema. Na nilikosea." Bi Mbu alifumba macho. "Kosa si la daktari wala la mashine. Nilikuwa namchekesha nikasahau kuitunza damu yake. Sijui ana nini, lakini nilichosema si kweli. Usisafiri naye."

Upande wa pili alisikika kuku, na mlango.

"Kuteleza si kuanguka," bibi alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Lakini wewe umeteleza na mjukuu wangu mkononi. Nakuja. Na safari hii nitakaa nikutazame."

Alifika saa nane kasoro robo, mtoto mgongoni, mkoba kifuani. Bi Mbu hakuvuma. Alibana pumzi, mshipa ukaja; mtoto alilia kidogo na hakuna aliyemchekesha. Chupa ilipinduliwa mara nane huku bibi akihesabu kwa sauti. Kijiti kikapita kwenye damu, kikatoka safi. Bi Mbu alikionyesha dirishani kama mtu anayeonyesha tiketi. Mrija ukajazwa, ukasimamishwa wima, saa ya ukutani ikatazamwa.

Daktari alimchukua mtoto na kumlaza kitandani chumba cha jirani, akampima tena kuanzia utosini. Bibi alikataa kuondoka dirishani. Aliletewa kiti, akakigeuza, akakaa akiutazama ule mrija kama askari anayelinda mfungwa.

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri. Saa nzima."

Mhudumu mmoja alipita ukumbini akisukuma kitoroli, magurudumu yakigongagonga. "Simama hapo!" bibi alimfokea. "Zunguka nyuma!"

"Kuna nini, mama?"

"Kuna damu inafikiri!"

Bi Mbu, aliyekuwa hajatabasamu tangu saa saba, alilazimika kuinama kutafuta kitu ambacho hakikudondoka. Alizima feni. Alibandika karatasi mlangoni: USIUBAMIZE. Meza ikitikisika, au mrija ukiinama hata kidogo, chembe huteleza na kudanganya, na siku hiyo uongo ulikuwa umetosha.

Ilipotimu nusu saa bibi aligonga kioo cha dirisha. "Tayari imeshuka. Naiona kwa macho yangu haya mabovu. Soma, uzidishe mara mbili, tumalize."

"Haiendi hivyo, bibi. Damu haizami kwa mwendo mmoja. Mwanzo husita, kisha hukimbia, kisha huchoka."

"Kama babu yake mtoto."

"Kama mume wangu pia."

Walicheka wote wawili, kisha wakaugeukia tena mrija, na wote wawili wakaona. Maji ya manjano yalikuwa yanarefuka juu ya wekundu. Hakuna sauti katika jambo lile, hakuna moshi. Ni mstari tu unaoshuka, na mwanamke aliyetia sahihi asubuhi akiutazama unavyomkana, milimita baada ya milimita. Kila mstari ulimuumiza na kila mstari ulimpa nafuu. Moto ulikuwepo. Sasa angalau nyumba nzima ilijua.

Saa nane na dakika hamsini na tisa alisimama mbele ya kibao. Saa tisa kamili alisoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Mia moja na nne."

"Ni nyingi?" bibi aliuliza.

"Ni nyingi sana, bibi."

Daktari alitokea na karatasi yake. Aliyoyaona kitandani, sasa kwa kuwa alikuwa anayatafuta, yalikuwa mengi: ulimi mwekundu wenye vipele, tezi ya shingoni, nyayo zilizovimba. Alimuuliza bibi kuhusu upele, na bibi akakumbuka kwamba ulikuwepo siku ya tatu, akadhani ni joto, akampaka poda.

"Mrija peke yake usingetosha," daktari alisema. "Lakini mrija na haya yote pamoja, sina shaka tena. Huu ni uvimbe wa mishipa ya damu. Unaitwa ugonjwa wa Kawasaki."

Bibi alimkazia macho. "Hiyo si pikipiki?"

"Ni jina la daktari aliyeueleza, bibi."

"Basi na uondoke kwa mwendo wa pikipiki. Tunafanya nini?"

Walifanya yanayofanywa. Daktari alipiga simu hospitali kubwa, kwenye dawa inayotiwa mshipani polepole, mchana kutwa, na mashine ya kuupiga moyo picha. Gari la wagonjwa lilipatikana saa kumi. Bibi alipanda na mizigo ileile aliyoifunga kwa ajili ya shangazi. Akiwa ndani alimshika Bi Mbu mkono.

"Nina hasira nawe," alisema.

"Najua, bibi."

"Lakini hasira yangu ina adabu. Ungenyamaza ningeendelea kukushukuru, huku nikizika." Akauachia mkono, akauvuta mlango mwenyewe.

Maabara wana daftari la makosa. Kila kosa huandikwa, na sababu yake, na dawa yake, ili wengine wajifunze. Kwa miaka ishirini na mitatu Bi Mbu alikuwa ameandika humo makosa ya wenzake, kwa mwandiko mzuri wa duara. Jioni ile aliandika la kwake, mistari sita, bila kujitetea. Nyumbani mumewe alimwona amekaa hajavua viatu, akamuuliza kulikoni. Alipomaliza kueleza, fundi redio alikuna kichwa.

"Mimi nikikosea waya, redio inanuka moshi, kila mtu anajua," alisema. "Kosa lako wewe lingenyamaza. Ulilisemea wewe." Akainama, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili.

Wiki tatu zilikwenda. Habari zilikuja vipandevipande: homa imeshuka siku ya pili baada ya dawa, mtoto ameomba chai, ngozi ya ncha za vidole inabambuka kama karatasi, jambo ambalo daktari alisema ni kawaida. Lakini habari ya moyo haikuja. Picha ya kwanza ilikuwa na wasiwasi kidogo, walisema, wangerudia. Bi Mbu alifanya kazi yake, alipindua chupa mara nane, alipitisha kijiti kwa kila mtoto hata foleni ilipofika barabarani. Waliokuwa nyuma walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Asubuhi moja, benchi limejaa, bibi mrefu alijitokeza dirishani. Peke yake. Damu ya Bi Mbu ndiyo iliyosimama.

"Yuko wapi?"

"Nani? Mke mwenzangu? Yuko nje anagombana na mlinzi, anataka kuvaa kofia yake." Bibi alifungua mkoba, akatoa khanga, akatoa kitana, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. "Wamenipa barua hii ya daktari wenu. Walinisomea kule, lakini walisoma haraka kama watu wenye njaa. Nisomee wewe."

Bi Mbu alikunjua karatasi. Aliinyoosha mezani kwa mikono ile iliyotunga uzi tangu utotoni.

"Picha ya moyo imerudiwa," alisoma. "Mishipa ya moyo ni ya kawaida. Hakuna palipotanuka."

"Tena."

"Mishipa ya moyo ni ya kawaida. Hakuna palipotanuka."

"Hapo mwisho wameandika nini?"

"Aendelee na kidonge kimoja kidogo kila siku mpaka watakapomwona tena. Kucheza, ruksa."

"Kucheza kwa namna gani? Wameandika?"

"Wameandika kucheza tu, bibi."

Wakati huo mtoto aliingia mbio, kofia ya mlinzi imemfunika hadi puani, akapita katikati ya benchi mbili akipiga kelele bila maneno. Akafika mwisho wa ukumbi, akaugusa ukuta, akageuka na kurudi kwa kasi zaidi. Wagonjwa waliinua miguu. Muuguzi mmoja akanyoosha mkono kumkamata.

"Mwache!" bibi alisema, na Bi Mbu, dirishani, alisema neno hilohilo wakati huohuo. "Mwache akimbie!"

Muuguzi akarudisha mkono. Mtoto akapita tena, akigonga sakafu kwa visigino.